Kuisikia Barua Kabla Haijaondoka

Sabaki, 2 Machi 2025

Karo mwanangu salamu nyingi ni mimi mamako Emily wa dukani amenionyesha kapicha ka kipaza sauti kwenye hii simu uliyonitumia ati nikikabonyeza nikasema simu inaandika yenyewe basi nasema nayo inaandika Emily hebu tazama inaandika tazama hata hilo imeliandika haya Karo u hali gani na hiyo mimba miguu imevimba ama haijavimba ukiona imevimba usinyamaze usile chumvi nyingi usibebe maji usipande zile ngazi za nyumba yenu mbiombio usikae na njaa na mbona umekaa juma zima hujaniandikia mimi silali nafikiria tu dada yangu Phoebe alivyokwenda kujifungua akiwa na miguu imevimba vile shuka wewe shuka hapo ndiyo mboga iliyobaki Karo si wewe ni mbuzi Phoebe naye alikuwa hivyohivyo kimya hasemi hana neno halafu tukaitwa tukamchukue amefunikwa kwa hiyo usinyamaze mto umepungua viboko wako upande wa pili mahindi yamesimama nami nataka kuja huko Nakuru kabla hujajifungua nikukande nikupikie uji hiyo ndiyo barua haya Emily sasa mtu anabonyeza wapi ikome

mamako Jedida

—

Nakuru, 5 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Mpe mbuzi salamu zangu.

Hujambo sana na hiyo simu. Wewe uliyeishia darasa la tatu sasa unaandika barua ndefu kuliko zangu. Lakini ngoja nikuonyeshe na upande wa pili. Simu inayoandika unachosema inaweza pia kukusomea ulichoandika. Emily akuonyeshe palipoandikwa “soma kwa sauti”. Ukimaliza kusema, usitume. Kaa mahali penye kimya, ibonyeze ikusomee, wewe fumba macho usikilize kana kwamba barua imetoka kwa mtu mwingine. Pale pumzi inapokukatika, weka nukta. Pale unapochoka kusikia, punguza. Mimi hufanya hivyo na ripoti za ofisini. Macho yangu yamezoea makosa yangu, yanayaruka. Sikio haliruki.

Na hata barua zako hupenda kuzisikiliza. Naiweka simu juu ya kabati jikoni inanisomea kwa sauti huku mimi nakanda unga.

Miguu yangu haijavimba. Kuhusu kuja, wacha kwanza nizungumze na Dedan.

Mwanao,
Caroline

—

Sabaki, 9 Machi 2025

Karo mwanangu,

Nimefanya ulivyosema. Nilikwenda nikakaa chini ya ukuta wa kanisa, hapana mtu saa hizo, nikasema barua nyingine kama ile ya kwanza, nikaiambia simu isome. Ikaanza. Nikasikia sauti ya mwanamke wa mjini anafoka. Usile, usibebe, usipande, usinyamaze. Nikajiuliza, huyu anamgombeza nani? Anayegombezwa amekosa nini? Kumbe ni mimi, nilikuwa nataka kukuuliza u hali gani.

Wakati nasema sikusikia hivyo. Nikisema, mdomoni mwangu kuna na kule kukuonea huruma. Barua ikishaondoka mdomoni huruma inabaki huku, maneno yanakwenda peke yake. Basi nimefuta. Ilikuwa ndefu mno, nimeikata kama mtu anayechambua mchicha. Habari za Phoebe nimeziondoa, nawe usiziulize.

Sasa habari za kuja. Nitapanda basi la Malindi mpaka Mombasa, pale nitapata la Nakuru. Wewe jiandae tu.

Kuhusu mumeo. Mwambie nikija nisimwone. Asije kunipokea stendi. Asinyooshe mkono kama ile siku alipokuja hapa kwangu. Akila, ale peke yake, mimi changu nitakula jikoni. Nikisikia anaingia mlango huu, mimi nitatokea ule. Mweleze vizuri ili asije akasahau.

Hapo pa mkwe nimepasikiliza pia. Pako sawa, sikupagusa.

Mamako anayekupenda,
Jedida

—

Nakuru, 20 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Samahani nimechelewa kujibu. Kazi ni nyingi. Nimefikiria habari ya wewe kuja, naona tuahirishe. Nyumba ni ndogo, chumba ni kimoja na sebule. Safari nayo ni ndefu kwa mtu wa umri wako. Dada yake Dedan, Lynn, yuko karibu, atanisaidia. Na nyumba kwa kweli ni ndogo. Mtoto akizaliwa tutakuletea picha, na Desemba tukijaliwa tutakuja. Hapa hata mgeni mmoja hana pa kuweka mkoba, nyumba ilivyo ndogo.

Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Caroline

—

Sabaki, 23 Machi 2025

Karo,

Barua yako sikuisoma kwa macho. Niliiweka simu sikioni ikanisomea, nikarudia. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nimesikia nyumba ni ndogo, halafu nyumba ni ndogo, halafu tena nyumba ni ndogo. Mwanangu, mimi nilikuzaa kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kitanda. Tulilala humo na nyanyako na kuku. Mtu haniambii mimi nyumba ndogo. Mtu akiuzungukia mlango namna hiyo, ujue ndani pana kitu.

Tena hukuniambia miguu yako ikoje. Kila barua ulikuwa unaniambia.

Sikulaumu. Nimeiandika hii nikaisikiliza, nikaondoa pale nilipokuwa nalia. Nimebakisha swali moja tu. Ni nani amesema nisije?

Mamako

—

Nakuru, 30 Machi 2025

Mama Jedida,

Shikamoo. Anayekuandikia ni Dedan, mume wa Caroline. Karo amenionyesha swali lako. Ameshindwa kulijibu, na mimi sitaki aumie kwa ajili yangu. Aliyesema usije ni mimi.

Barua yako ya tarehe tisa ilisomwa na simu jikoni kwetu. Karo alikuwa anapika, mimi nilikuwa mlangoni navua buti za kazi. Nilisikia yote. Usinione, nisije stendi, nisinyooshe mkono, nile peke yangu. Ile simu inasoma polepole kama hakimu. Nilivaa buti nikatoka tena.

Mama, mimi ni mtu wa bara, hilo siwezi kubadilisha. Nilipokuwa fundi wa mashine kule Marereni kwenye kiwanda cha chumvi, niliishi na watu wa kwenu vizuri. Lakini siku nilipokuja kwako mara ya kwanza, nilivaa shati jipya, nikanyoosha mkono, na wewe ukanipa mgongo ukaenda nyuma ya nyumba. Hukurudi mpaka tukaondoka. Karo aliniambia ulikuwa na homa. Lakini nilikusikia huko nyuma ukicheka na jirani. Mwenye homa hacheki hivyo.

Sijawahi kumkosea Karo. Kama kuna kitu kibaya ulisikia juu yangu, ningependa uniambie. Kama ni kabila tu, basi pia niambie, nijue. Ila sitaweza kukaa kwenye nyumba yangu na mtu anayetoka mlango wa pili nikiingia.

Karo miguu imeanza kuvimba kidogo. Aliniambia nisikuambie. Nimeona ni haki yako.

Dedan

—

Sabaki, 8 Aprili 2025

Baba wa mjukuu wangu,

Salamu. Umeniamkia shikamoo, nami nakujibu marahaba, ingawa kwa mdomo nisingeweza.

Barua hii imechelewa kwa sababu naiandika kwa kidole, herufi moja moja. Nilibonyeza kile kipaza nikafungua mdomo nikashindwa. Kusema nawe, hata kama uko mbali, ni kusema nawe. Nikaona aibu peke yangu, nimekaa ukutani kwa kanisa nimefunika uso na leso.

Barua ya kwanza niliyokuandikia ilianza hivi: wewe ndiye hukuelewa. Nikaiambia simu isome. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa na meno. Nikafuta. Ya pili nilisema pole, pole, pole mpaka mwisho. Nikaisikiliza, ikasikika kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Nikafuta nayo. Hii ndiyo iliyobaki. Pale utakaposikia inakuchoma, jua hapo sikio langu halikufika.

Kwetu sisi Wagiriama, mume wa binti yako ni mutsedza wako. Hakuna mtu unayemheshimu kumpita huyo. Humpi mkono. Hukai naye pamoja. Hamli chombo kimoja. Jina lake hulitaji, ndiyo maana sijalitaja hapa. Ukimwona njiani anakuja, unaingia kichakani mpaka apite, naye akikuona anafanya hivyohivyo. Mama anayezungumza na mkwe wake uso kwa uso watu watamcheka, watasema huyu hamhesabu mkwewe kuwa mtu. Mama yangu alimkimbia marehemu mume wangu mpaka siku alipozikwa, na hakuna mtu aliyempenda kumpita yeye. Kuna siku viboko walimkurupusha shambani, akafika kwenye ua wetu anahema, akamkuta mume wangu kakaa. Aligeuka akarudi kulekule kwenye viboko.

Siku ile ulipokuja, nilichinja jogoo wangu. Nilikaa nyuma ya nyumba ili ule ushibe bila haya. Nilikuwa nimetega sikio. Ulipomwambia Karo nyama imeiva vizuri, nikampiga Emily kofi la mgongo tukacheka. Hicho ndicho kicheko ulichokisikia. Mimi nilidhani umeona heshima, na wewe uliona mgongo.

Na ile barua ya mwezi uliopita, nilipokuwa naisema nilikuwa nimeinama, kama ninavyoinama nikikutaja. Simu imechukua maneno, haikuchukua kule kuinama. Nikaisikiliza nikaona iko sawa, kwa sababu niliisikiliza kwa sikio la Sabaki. Sikufikiria ina sikio jingine la kufikia.

Sina neno baya nililolisikia juu yako. Kabila lako nalijua ni lile lililomfanya mwanangu anenepe.

Nyumba ni yako. Ukisema nisije, sitakuja, na sitamwambia Karo akulazimishe. Ila miguu ikizidi kuvimba, mpeleke hospitali hata kama anasema hana neno. Hilo nakuomba. Nilikuwa na sababu nimeiandika hapa, nimeiondoa.

Mama yake Karo

—

Nakuru, 13 Aprili 2025

Mama,

Nimeisikiliza barua yako mara ya kwanza na Karo, mara ya pili peke yangu kwenye gari la kazi. Nilipofika pale pa jogoo nilizima injini.

Nilimuuliza Karo kwa nini hakunieleza. Anasema alidhani ningewaona watu wake washamba. Tumegombana kidogo, halafu akaniuliza kama kweli ile nyama ilikuwa imeiva. Nikamwambia ilikuwa ngumu kidogo. Amesema nisikuambie, lakini naona mimi na wewe tumeanza kuambiana ukweli.

Baadaye nilimpigia nyanya yangu, anaitwa Nyakio, yuko Nyandarua, ni mzee sana. Nikamsomea barua yako kwa Kikuyu. Nilidhani atashangaa. Akaniuliza, “Kwani wewe unafikiri mimi nilipomwona mume wa shangazi yako nikaingia kwenye viazi na mvua inanyesha, nilikuwa nimepoteza nini huko?” Akasema nyinyi watoto mlizaliwa wakati watu wamechoka kukimbia. Ameniambia nikuambie wewe ni mama aliyefundishwa.

Hii yangu pia nimeisikiliza kabla ya kutuma. Nilikuwa nimejitetea katikati hapo, nikasikia haina maana, nikaondoa.

Njoo, mama. Lynn atakupokea stendi, ni mrefu, atakuwa na koti la kijani. Mimi nitakuwa ng’ambo ya barabara. Sitakusogelea, nataka tu kuona umefika. Chumba utalala wewe na Karo, mimi nitalala kwenye kochi. Mlango wa jikoni nimeweka pazia. Na nikirudi kazini nitakohoa kwenye ngazi, upate nafasi.

Karo nimempeleka kliniki. Presha imepanda, wanamwangalia kila wiki.

Dedan

—

Nakuru, 26 Mei 2025, asubuhi

Baba wa mjukuu wangu,

Niko hapa chumbani, mlango nimeurudisha. Lynn amekwenda kazini, nyumba imebaki na sisi wawili tu, jambo ambalo mama yangu angelisikia angeniombea dua. Lakini wametufukuza wodini kwa Karo wote wawili, hatuna pengine pa kungojea.

Nakusikia unavyotembea. Dirishani, mlangoni, dirishani.

Nilikuandikia barua ndefu. Ilikuwa ya dada yangu Phoebe, jinsi alivyokwenda. Nikaiweka simu chini ya leso ikanisomea polepole. Nikamsikiliza yule mwanamke anavyoogopa. Nikajiuliza, akishaipokea hii, huyo anayetembea huko sebuleni atafanya nayo nini? Nikaifuta yote.

Iliyobaki ni hii: uji uko mezani jikoni, nimeufunika na sahani. Una ndimu na sukari. Hujala tangu jana. Mimi sitoki huku, ingia unywe.

Mama yake Karo

—

Nakuru, 26 Mei 2025

Mama,

Nimekunywa. Asante. Nimemaliza na ule uliokuwa kwenye sufuria, halafu ndipo nikafikiri labda ulikuwa wako, nikawa nimeshachelewa.

Hospitali wamepiga simu. Presha haijashuka, watampasua saa nane. Nimetia sahihi kwa simu, yaani nimesema ndiyo. Wamesema tungoje hapa, watapiga tena.

Naogopa, mama. Nimesikiliza hiyo sentensi nikataka kuiondoa.

Dedan

—

Nakuru, 26 Mei 2025

Usiiondoe. Hata mimi. Kaa kwenye kile kiti kilichoegemea ukuta wa huku. Nami nimekaa upande huu.

Mama yake Karo

—

Nakuru, 3 Juni 2025

Baba wa mjukuu wangu,

Umekohoa kwenye ngazi, nikasikia, nikaingia chumbani kama kawaida yetu. Sasa nakusikia umekaa hapo kochini hujavua hata buti.

Karo amelala. Mshono unamuuma, lakini leo ameketi mwenyewe akanywa supu, akanigombeza ati nimeweka pilipili. Miguu imeshuka, nimeikanda asubuhi na sasa naona vifundo vyake. Nimeona niseme hayo kwanza kwa sababu najua ndiyo unayongojea.

Binti yako hajalala. Ameshanyonya, ameshacheua, sasa amefumbua macho anaangalia dari kama mtu anayetafuta pa kuanzia maneno. Tangu watoke hospitali unamwona pale tu Karo anapoweza kunyanyuka akuletee. Sasa amelala, na mimi nikimbeba nikamleta huko tutakutana uso kwa uso. Nimekaa hapa nikafikiria. Nikaona mama yangu alikimbia ili mkwewe apate nafasi ya kuwa mwenye nyumba. Hakukimbia ili mtoto akose baba.

Nimeisema barua hii kwa mdomo, si kwa kidole. Nimeisema taratibu, na ukuta huu ni mwembamba, kwa hiyo nadhani umeshaisikia kabla simu yako haijalia. Sikuirudia kuisikiliza, mara hii ibaki ilivyotoka.

Nimejifunika leso kichwa chote na nimegeukia dirishani. Mtoto yuko ukingoni mwa kitanda upande wa mlango, nimemzungushia mito. Mlango haukufungwa. Ingia, Dedan, umchukue mwanao.

Jedida